Aliye Juu ya Mto na Aliye Chini Yake

Katika amri ya saba Mungu anakataza kuiba. Wakatekumeni wengi, wakifundishwa amri hiyo, hufikiri mara moja habari za kuku, mbuzi, ndizi za shambani na fedha. Ni vema. Lakini iko mali nyingine ambayo mtu aweza kumwibia mwenzake pasipo kuingia nyumbani mwake, pasipo kumwona uso, wala kulijua jina lake. Mali hiyo ni maji ya mto. Anayeyazuia huko juu haoni machozi ya yule anayekosa huko chini. Kwa sababu hiyo dhambi hii hutendwa kwa urahisi, na mara nyingi mtendaji hulala usingizi mzuri.

Kanisa linafundisha kwamba Mungu aliumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si', aliwakumbusha Wakristu kwamba kupata maji safi ni haki ya kila mtu, kwa kuwa pasipo maji hakuna uhai. Basi maji ya mto ni amana. Amana ni kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwa mtu akitunze. Huyo aliyewekewa aweza kukitumia kadiri alivyoruhusiwa, lakini hawezi kusema: Ni changu peke yangu.

I. SAFARI YA SEMLIKI

Watu wa Beni na Butembo wana mto wa kuwafundisha jambo hilo. Mto huo ni Semliki. Hutoka katika Ziwa Edward, mahali paitwapo Ishango, karibu na kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge. Hupita bondeni, milima ya Ruwenzori ikiwa upande wa mashariki, na hupokea vijito vingi vinavyoteremka kutoka milima hiyo. Mwisho huingia Ziwa Albert. Kabla ya kufika huko huwa mpaka wa nchi mbili: ng'ambo ya kuume ni Uganda, ng'ambo ya kushoto ni Kongo.

Lakini mkatekumeni asidhani kwamba maji hayo huanzia Kongo tu. Ziwa Edward hupokea mito ya Rutshuru na Rwindi kwa upande wa Kongo. Tena hupokea maji ya Ziwa George la Uganda, kwa mfereji wa asili uitwao Kazinga. Kwa hiyo maji hutoka Uganda na kuingia Kongo; kisha hutoka Kongo na kurudi Uganda. Katika Ziwa Albert huungana na maji ya Nile yaliyotoka Ziwa Victoria. Kutoka hapo hupita Nimule na kuingia Sudani Kusini, hufika Khartoum katika Sudani, na kwa mwisho hufika Misri na bahari ya Mediteranea.

Misri ni nchi inayojulikana kwa kila msomaji wa Maandiko Matakatifu. Huko Yosefu mwana wa Yakobo aliweka akiba ya nafaka. Huko mtoto Musa aliwekwa ndani ya kisafina kando ya mto. Huko Bikira Maria na Yosefu Mtakatifu walimkimbiza Mtoto Yezu, Herode alipotaka kumwua. Mto ule wa Misri na mto wa Ishango ni ndugu wa safari moja.

Basi nani aliye juu, na nani aliye chini? Kwenye Kazinga, Uganda iko juu na Kongo iko chini. Kwenye Semliki, Kongo iko juu na Uganda iko chini. Anayemnyima mwenzake leo, kesho huhitaji mwenzake asimnyime. Mungu ameyapanga maji ya nchi hizi hata kila mmoja awe mwenye kutoa na mwenye kuomba.

Labda mtu atasema: Maji ya Semliki ni kidogo, yakifika Misri hayana hesabu. Ni kweli kwamba maji mengi ya Misri hutoka milima ya Ethiopia, kwa njia ya Nile ya Buluu. Ni kweli pia kwamba maji mengi ya Nile Nyeupe hupotea kwa jua katika mabwawa makubwa ya matope ya Sudani Kusini. Lakini Nile ya Buluu hujaa sana wakati wa mvua na kupungua sana wakati wa kiangazi. Nile Nyeupe, kwa sababu hutoka katika maziwa makubwa, huenda polepole na haikomi. Ndiyo inayosaidia miezi ile mingine inapokauka. Fungu dogo lisilokosa lina thamani kubwa siku ya njaa.

II. MAPATANO YA WAKUBWA

Tangu zamani serikali zilitambua kwamba mto huu ni wa wengi. Tarehe 9 Mei 1906, huko London, Uingereza na Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili, ziliandika mapatano. Dola ya Kongo iliahidi kutojenga, wala kuruhusu kujengwa, kazi yoyote juu ya Semliki, ambao hati iliuita pia Isango, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayoingia Ziwa Albert, isipokuwa kwa kupatana na serikali ya Sudani.

Tena tarehe 8 Novemba 1959 Misri na Sudani ziligawana maji ya Nile: Misri kilomita za ujazo 55.5 kila mwaka, Sudani 18.5. Nchi za juu, ambako mvua hunyesha na chemchemi hububujika, hazikupewa fungu katika hesabu hiyo.

Kuna jema ndani ya hati hizo, nalo ni hili: aliye chini ana haki ya kukumbukwa. Karibu kilimo chote cha Misri hutegemea mto, kwa kuwa mvua huko ni haba mno. Lakini kuna kasoro kubwa pia. Mwaka 1906 hakuna aliyekwenda Ishango kumwuliza mvuvi, wala Mutwanga kumwuliza mkulima. Wageni wawili walipatana juu ya maji ya watu wa tatu. Haki iliyoandikwa pasipo wenye mto kuitwa ni haki nusu, nayo haikai vizuri moyoni mwa wale wanaotakiwa kuitii.

Kwa hiyo maneno mawili hupingana hata leo. Aliye juu husema: Maji ni yangu, kwa maana yanaanzia kwangu. Aliye chini husema: Maji ni yangu, kwa maana nimeyatumia tangu baba zangu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, na kila mmoja hukosa akikifanya kipande hicho kuwa ukweli wote.

III. VISIMA VYA ISAKA

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia habari za Isaka, mwana wa Abrahamu. Alikaa katika nchi ya Gerari, karibu na Wafilisti. Watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji mazuri. Wachungaji wa Gerari wakaja wakagombana nao, wakidai kwamba maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Ugomvi. Akachimba kingine, wakagombania hicho pia. Akakiita Uadui. Akaondoka hapo, akachimba cha tatu, nao hawakukigombania. Akakiita Nafasi, kwa kuwa Mungu alikuwa amewapa nafasi ya kukaa na kuzaa matunda.

Hadithi haiishii hapo, na wasomaji wengi husahau mwisho wake. Baadaye mfalme wa Gerari alimwendea Isaka pamoja na jemadari wake kutafuta amani. Isaka aliwauliza sababu ya kumjia, hali walimchukia na kumfukuza. Hata hivyo aliwaandalia karamu, wakala na kunywa, na asubuhi wakaapiana. Siku ile ile watumishi wake wakaleta habari kwamba wamepata maji.

Isaka hakusema kwamba dhuluma ni haki. Alivipa visima majina ya kweli: ugomvi akauita ugomvi, uadui akauita uadui. Kisha alikubali kuketi na adui wake na kuweka kiapo. Hizo ndizo hatua mbili za kila mapatano mema juu ya maji: kwanza kusema kweli, halafu kuahidiana.

IV. AHADI HUPIMWA WAKATI WA UKAME

Kuahidi wakati wa mvua si kazi. Mapipa yakijaa, kila mtu ni mkarimu. Ahadi hujulikana siku ambayo wingu halionekani.

Mfano uko Jinja, katika Uganda, mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria. Mwaka 1954 lilifunguliwa huko bwawa la umeme la Owen Falls, na Misri na Uingereza, iliyotawala Uganda wakati ule, zilipatana kwamba maji yatakayoachiliwa yalingane na yale ambayo mto wenyewe ungeyatoa kama bwawa lisingekuwapo. Ziwa likijaa, maji mengi yatoke. Likipungua, maji machache yatoke. Sheria hiyo ilidumu miaka mingi. Lakini katika ukame wa miaka ya 2004 hata 2006, Uganda ilihitaji sana umeme, na maji yaliyopita bwawani yalizidi kipimo kilichopatanwa. Mvua ilikuwa imepungua, na mikono ya watu ikaongeza hasara. Mwaka 2006 ziwa lilishuka kuliko lilivyokuwa limeshuka kwa muda wa miaka zaidi ya themanini. Ufuo wa Kenya na wa Tanzania uliona maji yakirudi nyuma, na mashua zikakaa juu ya matope.

Mkatekumeni asiharakishe kuhukumu. Haja ilikuwa ya kweli: hospitali na viwanda vilihitaji umeme. Lakini hapo ndipo penye fundisho. Mwenye kuvunja ahadi wakati wa ukame mara nyingi si mtu mwovu. Ni mtu mwenye shida. Kwa sababu hiyo mapatano mema lazima yaseme mapema, kabla ya shida kuja, ni nani atapunguza, atapunguza kiasi gani, na nani atamsaidia.

Mfano wa pili bado uko mbele ya macho ya watu. Ethiopia ilianza mwaka 2011 kujenga bwawa kubwa juu ya Nile ya Buluu, ili watu wake wengi wasio na umeme waupate. Bwawa lilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2025. Kwa miaka mingi wajumbe wa Ethiopia, Sudani na Misri walikutana, na neno lililokuwa gumu kuliko mengine lilikuwa hili: mvua ikikosa miaka mingi mfululizo, ni maji kiasi gani yataachiliwa kwa ajili ya walio chini? Hata siku ya kuzinduliwa, mapatano juu ya neno hilo yalikuwa hayajapatikana.

V. YOSEFU NA MJANE WA SAREPTA

Maandiko yanatoa mashauri mawili juu ya miaka ya ukame.

La kwanza ni la Yosefu. Alipofasiri ndoto ya Farao, alitambua kwamba miaka saba ya shibe itafuatwa na miaka saba ya njaa. Hakungoja njaa ndipo afanye shauri. Alishauri fungu moja la tano la mavuno liwekwe katika miaka ya shibe, lipimwe na kulindwa. Na njaa ilipofika, hata wageni kutoka Kanaani waliuziwa chakula. Siku hizi Misri yenyewe ilifanya na maji kama Yosefu alivyofanya na nafaka: bwawa kubwa la Aswan, lililomalizika mwaka 1970, liliweka akiba ambayo iliiokoa nchi mvua za Ethiopia zilipokosa katika miaka ya 1980.

La pili ni la mjane wa Sarepta. Nabii Elia alikunywa maji ya kijito hata kijito kikakauka kwa ukame. Mungu hakumpeleka kwa tajiri wa Israeli. Alimpeleka ng'ambo ya mpaka, kwa mjane maskini wa nchi ya Sidoni, aliyebaki na konzi moja ya unga. Mjane huyo alimpa mgeni kwanza, na unga wake haukuisha. Yosefu afundisha akili; mjane afundisha moyo. Akili pasipo moyo hujaza ghala na kufunga mlango. Moyo pasipo akili hugawa vyote siku ya kwanza.

Nchi za Nile zimeanza kujifunza hayo. Tarehe 22 Februari 1999, mawaziri wake walikutana Dar es Salaam, wakaanzisha chama cha kushirikiana juu ya mto, nayo Kongo ni mmoja wa wanachama. Ofisi yake iko Entebbe. Mwaka 2010 mapatano mapya yalianza kutiwa sahihi huko Entebbe. Yanasema kwamba kila nchi itumie maji kwa haki, isilete madhara makubwa kwa mwenzake, na itoe habari za mto pasipo kuficha. Yalianza kuwa na nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024 kwa nchi zilizoyathibitisha, ingawa Misri na Sudani ziliyakataa. Ni njia ndefu. Lakini kisima cha tatu cha Isaka pia hakikuchimbwa siku moja.

VI. KAZI YA KIJIJI

Mkatekumeni wa kijijini aweza kusema: Mambo haya ni ya mawaziri, mimi nina jembe na bidoni tu. Lakini mto mkubwa umefanywa na vijito vidogo, na haki ya mataifa imefanywa na haki ya vijiji.

Huko Kasindi, mto Lubilia ni mpaka wa Kongo na Uganda. Ng'ambo hii wanakaa Wanande, ng'ambo ile Wakonjo, nao ni watu wa ukoo mmoja na lugha moja. Ndugu hawa huteka maji ya mto ule ule. Anayetupa uchafu upande wake amewatupia wajomba zake. Anayelima hata ukingoni na kukata miti inayoshika udongo, hulegeza ukingo, na mto hula shamba lake na la jirani. Chini zaidi, karibu na Ziwa Albert, Semliki umehamahama namna hiyo, na mto ulio mpaka ukihama, huzaa mashaka juu ya ardhi. Nchi ya Beni, iliyozika wafu wengi mno wa mauaji yaliyoanza mwaka 2014, haihitaji sababu mpya ya ugomvi.

Mlimani pia kuna onyo. Mwaka 1906, mwaka ule ule wa mapatano ya London, Mwitalia mmoja mtukufu, mwenye cheo cha Duki wa Abruzzi, alipanda vilele vya Ruwenzori, akakuta barafu pana. Tangu hapo sehemu kubwa ya barafu hiyo imeyeyuka. Si barafu hasa inayoijaza mito. Ni mvua na misitu inayoishika mvua hiyo. Lakini barafu ni alama kwamba hali ya nchi inabadilika. Basi mwenye kuulinda msitu ulio juu ya chemchemi anaweka akiba kama Yosefu.

Tena kuna chemchemi ya kijiji chenyewe. Wakati wa kiangazi maji hutoka kama uzi, na bidoni hupangwa mstari tangu alfajiri. Hapo ndipo Ukristu wa mtu hupimwa. Mwenye nguvu akisukuma watoto na kujaza bidoni tano huku kikongwe hana hata moja, huyo amefanya yale yale ambayo mataifa hulaumiana. Wazee wakikutana kabla ya kiangazi na kusema: Kila nyumba bidoni kadhaa, wagonjwa na wajane kwanza, mifugo inywe chini wala si juu ya mahali pa kuteka, hao wamefanya Entebbe ndogo kijijini mwao.

VII. MAJI YA UBATIZO

Bwana Yezu mwenyewe aliketi kando ya kisima cha Yakobo, amechoka na safari, saa ya jua kali. Akamwomba maji mwanamke Msamaria. Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawasikilizani, hata mwanamke akastaajabu. Muumba wa mito yote alikubali kuwa mwenye kiu mbele ya mtu wa kabila lingine. Tangu siku ile, Mkristu akimwona mgeni mwenye kiu ng'ambo ya mpaka, amwona Bwana wake.

Mkatekumeni anangojea siku ya Ubatizo. Siku ile atainamisha kichwa, na maji yatamwagwa juu yake kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji hayo hatayanunua, wala hatayastahili; atapewa bure. Na baada ya kumpitia yatashuka chini, kwa maana maji hayakai kwa mtu mmoja. Aliyepokea bure namna hiyo atawezaje kumzuilia ndugu yake maji ya mto?

MAULIZO

Ulizo: Maji ya mto ni ya nani?
Jibu: Maji ya mto ni ya Mungu, watu wamewekewa kama amana, wayatumie na kuyapitisha kwa wengine.

Ulizo: Aliye juu ya mto ana wajibu gani?
Jibu: Atumie kadiri ya haja, asiharibu wala kuchafua, na amwambie aliye chini kabla ya kufanya kazi itakayobadili mto.

Ulizo: Aliye chini ana wajibu gani?
Jibu: Akubali kwamba aliye juu naye ana haja, asidai maji yote kwa sababu ya mazoea ya zamani, asipoteze yale anayopata.

Ulizo: Mapatano ya maji yafanywe lini?
Jibu: Yafanywe wakati wa mvua, kabla ya shida, na wenyeji wa mto waitwe, kisha yashikwe wakati wa ukame.

Ulizo: Mkatekumeni afanye nini juma hili?
Jibu: Aende chemchemi ya kijiji chake pamoja na wenzake, aondoe uchafu, apande mti mahali palipo wazi, na amtekee maji mtu mmoja asiye na nguvu za kuteka.